Kaa Ndani ya Chui

Jumamosi, tarehe 25 Agosti 1956. Mawingu mazito tangu alfajiri, ubaridi, upepo mdogo wa kusini, hakuna mvua. Jua lilitoka saa nane na dakika kumi mchana.

Nimeanza na hali ya hewa kwa sababu yaliyompata Ekow Bentil siku ile yalitegemea jua tu. Mwezi wa nane hapa Egyaakrom, mji wetu wa pwani, jua ni la kubahatisha. Zipo siku halionekani kabisa, na wanawake wanaokausha samaki hulalamika mpaka jioni. Ekow alilijua hilo vizuri wakati anashona.

Alikuwa mshona bendera, mtu wa miaka arobaini na minne, mwembamba, mjane asiye na mtoto. Duka lake lilikuwa chumba kimoja upande wa barabara ya Saltpond, cherehani moja ya mkono na meza moja ndefu. Alikuwa na mazoea ya kubana pini mdomoni hata akiwa hashoni, kwa hiyo watu walizoea kumsubiri azitoe moja moja kabla hajajibu neno.

Alikuwa wa Kampuni ya Pili kwa sababu baba yake alikuwa wa Pili. Kwetu mtu hupata nyumba, shamba na ukoo kwa mama, lakini kampuni ya vita huipata kwa baba. Ndiyo maana mjomba na mpwa wanaweza kula bakuli moja mwaka mzima, na siku ya Akwambo, tunaposafisha njia za mababu, wakasimama pande mbili za barabara wakitukanana.

Alama ya Kampuni ya Kwanza ni chui. Ya Pili ni kaa mwenye ufunguo. Wazee wa Pili husimulia kwamba zamani, katika vita na watu wa bara, adui alifika hadi kwenye mashamba ya mihogo wakati baruti yote ya mji imefungiwa ngomeni, na Mzungu wa ngome hataki kufungua. Kulikuwa na mtu wa Pili aitwaye Egyir, mguu mmoja mfupi, anatembea kiupande. Maji yalipokupwa aliingia ngomeni kwa kutambaa ndani ya mfereji wa maji machafu, akatoka na ufunguo mkononi. Baruti ikatoka, mji ukapona. Kaa ni Egyir, na ufunguo ni uhai wa mji. Mnara wa Kampuni ya Pili, pale njia panda, una kaa wa saruji aliyepakwa rangi nyekundu, mkubwa kama beseni la kufulia.

Watu wa Kwanza hawakatai kisa hicho. Husema tu, "Ni kweli, wao walikuwa chooni. Sisi tulikuwa vitani."

Mwaka 1924 Kampuni ya Kwanza ilitoka siku ya Akwambo na bendera mpya yenye picha ya kaa ndani ya chungu cha supu. Mbeba bendera wa Pili alikuwa Kweku Bentil, baba yake Ekow, naye pia fundi. Mbeba bendera hula kiapo mbele ya bunduki kwamba mkono wa mtu mwingine hautaigusa bendera mpaka airudishe nyumbani. Kweku hakukimbia. Kijana mmoja wa Kwanza, Kwamena Arhin, alimlaza chini akampondaponda vidole vya mkono wa kulia kwa mchi wa kutwangia fufu, kisha akaitandika bendera kwenye mtaro akaifutia miguu. Ekow alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa pale. Kilichobaki katika ngumi ya baba yake kilikuwa kipande chekundu cha kitambaa, gando moja la kaa.

Mkuu wa wilaya aliichukua bendera na haikurudi tena. Aliandika katika daftari alama za kila kampuni na kanuni moja: alama ya wengine ikitolewa hadharani, mwenye bendera mwenyewe, si mbebaji wake, atapiga magoti mbele ya mnara wao na kusema mara tatu kwamba alama si yake. Na mafundi wote, wa wakati ule na waliofuata, waliapishwa kwenye ngoma za kampuni zote kwamba hawatatia ndani ya bendera kitu ambacho mwenye bendera hakukiagiza. Fundi atakayevunja kiapo atakabidhi mkasi wake, asishone bendera tena maisha yake yote. Arhin hakuadhibiwa. Ilisemwa makosa yalikuwa ya pande zote.

Kweku Bentil hakushika sindano tena. Alikaa miaka minane kwenye kiti kando ya meza akimfundisha mwanawe kwa mdomo. "Sogeza. Hapana, rudisha. Sogeza." Alipokufa, siku ya kumzika, mtu alileta kibuyu kilichofunikwa. Ndani mlikuwa na kaa hai, magando yamefungwa kwa uzi wa cherehani. Aliyekileta alisema ametumwa na Kwamena Arhin, awape pole.

Mwezi wa tano mwaka huo wa 1956 Arhin mwenyewe aliingia dukani. Sasa alikuwa na malori mawili, na Kampuni ya Kwanza ilikuwa imemchagua kuwa safohen, yaani kapteni. Safohen mpya lazima atoe bendera mpya.

"Mtoto wa kaa," alisema, akakaa bila kukaribishwa. "Bado mnatembea kiupande?"

Ekow alitoa pini. "Karibu, Safohen."

"Bado sijawa. Nitakuwa siku ya Akwambo. Nataka bendera."

"Takoradi kuna mafundi."

"Takoradi wanashona chui kama mbuzi mwenye madoa. Wewe una mkono. Hata baba yako alikuwa nao." Aliitazama mikono ya Ekow. "Kabla."

Ekow alizichomeka pini zake kwenye kitambaa, moja baada ya nyingine. "Chui wa namna gani?"

"Aliyeshiba. Amejilaza, tumbo hilo, anajilamba. Watu waulizane, huyu amekula nini."

"Amekula nini?"

"Mimi siwezi kusema, na wewe usishone. Kanuni naijua. Wenye akili watajijibu wenyewe."

"Tumbo la kitambaa kimoja litakuwa bapa," Ekow alisema. "Likitakiwa kuvimba, kuna kutia kitambaa cha tatu ndani, katikati ya pande mbili."

"Tia cha tatu. Tia na cha nne. Ashibe."

"Nitie?"

"Si nimekwambia? Unataka niandike?"

"Andika."

Arhin alicheka, akavuta karatasi, akaandika: *Tumbo la chui litiwe kitambaa cha ndani.* Akatia sahihi. "Haya, karani. Kaiweke chini ya mto."

Ekow aliiweka chini ya kitako cha cherehani.

Bendera zetu zina pande mbili. Picha hukatwa mara mbili na kushonwa kila upande, ili mbele na nyuma pafanane. Ekow alichukua kaliko nyeupe kwa uwanja na kitambaa kizito cha manjano kwa chui. Pembeni alitia ile bendera ndogo ya Waingereza ambayo kila bendera ya kampuni huwa nayo, ingawa watu walikuwa wamekwisha kusema mwakani, uhuru ukija, itabidi zibanduliwe zote. Kisha akakata kaa. Mwili aliukata kutoka koti jeusi la baba yake. Gando moja lilishika ufunguo. Gando la pili lilikuwa kile kipande chekundu cha mwaka 1924, na hilo aliliweka juu kidogo, pale ambapo moyo wa chui ungekuwa, likiwa limefungwa, limebana. Akamfunika kaa kwa chui wa upande huu na chui wa upande ule, akashona ukingo kwa mkono.

Juu ya meza alikuwa chui tu, mwenye tumbo zito. Ekow aliinua bendera dirishani kwenye jua la asubuhi, na kaa akaonekana mzima, mweusi, hata meno ya ufunguo yakahesabika. Aliniambia baadaye kwamba aliishikilia hivyo mpaka mikono ikachoka, na hakujisikia vibaya hata kidogo.

Hakuwa na wasiwasi kuhusu ukaguzi. Kwetu bendera mpya haitolewi juani kabla ya siku yake. Hukaguliwa chumba cha ndani, madirisha yamefungwa, kwa taa. Mzee Baiden, Supi wa Kampuni ya Kwanza, mkuu wao wa wote, aliipapasa kwa vidole, wazee wenzake wakavuta nyuzi za ukingo, Arhin akalipiga tumbo kofi.

"Limeshiba," alisema.

"Limeshiba kweli," Mzee Baiden alijibu. "Isimlemee tu mbebaji."

Siku nne kabla ya Akwambo, Fiifi Amissah alifika dukani kwa Ekow na kenkey moto, yaani madonge ya mahindi yaliyochachushwa, na samaki wa kukaanga. Fiifi alikuwa mtoto wa Araba, dada yake Ekow baba mmoja mama mmoja. Alikuwa mpeleka barua, miaka ishirini na minne, mcheshi, na ndiye mrithi wa Ekow, nyumba, cherehani na yote. Lakini marehemu baba yake alikuwa wa Kampuni ya Kwanza, kwa hiyo na yeye ni wa Kwanza.

"Mjomba, kula kwanza, halafu nikuambie."

"Niambie kwanza."

"Nimechaguliwa kubeba. Bendera mpya. Safohen mwenyewe kasema, mpeni Fiifi, nataka kaa achezewe na damu yake." Alicheka. "Najua ni kejeli. Acha wakejeli. Nikishaanza kucheza watasahau kejeli."

Ekow hakugusa kenkey.

"Kataa," alisema.

"Nikatae? Nimeshakula kiapo jana, Mjomba. Mbele ya bunduki."

"Sema unaumwa mguu."

"Mpeleka barua aumwe mguu, nani ataamini?" Fiifi alimwangalia. "Bendera ina nini?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Lakini Fiifi, kwa kiapo chake cha kuilinda bendera, angelazimika kwenda moja kwa moja kwa Mzee Baiden, na Arhin angekuwa na siku nne za kucheka na kushonesha nyingine Takoradi. Ekow alirudisha pini mdomoni.

"Nzito," alisema. "Ni nzito tu."

Jumamosi hiyo niliyoitaja, ngoma zilianza saa nne. Mawingu yalikuwa chini kama paa. Kampuni ya Pili tulijipanga upande wa njia panda, na Ekow alisimama karibu na mtaro, mikono nyuma. Kila baada ya muda alitazama juu. Nilidhani anaogopa mvua.

Saa saba na nusu Kampuni ya Kwanza iliingia na bunduki zake, Arhin mbele, kofia nyekundu, upanga begani. Fiifi alicheza. Sijawahi kuona mtu acheze bendera vile. Aliipitisha chini ya goti, akaizungusha mgongoni, akalala chali nayo ikibaki hewani. Chui alijilamba huku na huku. Wanawake wa kwetu hawakunyamaza.

"Chui wenu ana mimba?" mmoja aliuliza.

"Ya nani?"

"Labda ya mbuzi wa Takoradi."

Arhin aliwasogelea akitabasamu. "Ameshiba, akina mama. Muulizeni fundi wenu amekula nini. Yule pale, yule wa kiupande."

Watu walimgeukia Ekow. Aliniambia kwamba kwa muda wa dakika chache pale, akimtazama Fiifi alivyokuwa akicheka huku jasho likimtiririka, aliomba mawingu yabaki. Kisha Arhin akamsogelea, akainua mkono wake mwenyewe wa kulia, akakunja vidole vikawa kama vimevunjika, akamwonyesha. Ekow akaacha kuomba mawingu.

Jua lilitoka ghafla, kama mtu ameondoa kifuniko. Fiifi alikuwa ameinua mti wa bendera juu kwa mikono miwili. Aliyeona wa kwanza ni Maame Kwansema, bibi wa miaka themanini aliyekuwa amekaa chini kwenye kigoda chake.

"Kaa yumo," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Wapi, Maame?"

"Humo tumboni. Ana ufunguo. Amemshika chui moyo."

Wakaona wote. Kampuni ya Pili ililipuka kwa kelele ambazo nadhani zilisikika Saltpond. "Mmebeba wa kwetu. Pigeni magoti. Mmebeba wa kwetu." Fiifi hakuelewa, maana mbebaji haitazami bendera iliyo juu ya kichwa chake, naye akaendelea kucheza. Arhin alitazama juu. Uso wake ukabadilika, akarukia bendera kuiteremsha.

Fiifi aliona mkono wa mtu unaigusa bendera, na kiapo chake hakikusema mkono wa nani. Aliivuta. Arhin naye akavuta, ncha ikashuka, akaikanyaga kwa viatu vyake vyote viwili, bendera yake mwenyewe, mbele ya mji mzima, ikachanika kutoka mkia hadi tumbo. Fiifi akampiga kwa mti wa bendera kifundo cha mkono. Kisha watu wa Kampuni ya Kwanza, ndugu zake, wakamwangukia Fiifi. Polisi walipowatawanya alikuwa amevunjika mfupa wa bega, na bado ameikumbatia ile bendera kifuani.

Jioni Masupi wa pande mbili walikaa na daftari la kanuni. Arhin alisema amefanyiwa hila. Supi wetu alimwuliza kama kitambaa cha ndani alikiagiza au hakukiagiza. Ekow aliitwa, akaleta karatasi, ikasomwa. *Tumbo la chui litiwe kitambaa cha ndani.* Sahihi ilikuwa ya Arhin. Ekow hakuulizwa zaidi, naye hakuongeza neno, akairudisha karatasi mfukoni. Ikaamuliwa kwamba kesho alfajiri, kabla ya kengele ya kanisa, Arhin apige magoti.

Lakini Kampuni ya Kwanza iliamua na lake pia: Fiifi amempiga safohen wake, na bila shaka alipanga na mjomba wake. Ameondolewa kwenye kampuni.

Araba alifika kwa kaka yake kabla taa hazijawashwa. Hakukaa.

"Mwanangu alijua?"

"Hakujua."

"Basi nenda ukawaambie."

"Nikiwaambia kwamba nilimficha yule kaa, Arhin hapigi magoti. Kosa linakuwa langu."

"Na usipowaambia, Fiifi hana kampuni. Ya kwako hawezi kuingia, baba yake si wa kwenu. Akifa abebwe na nani? Atapigiwa ngoma na nani? Wewe mwenyewe ukifa, atakusindikiza akiwa mtu wa wapi?"

"Araba, vidole vya baba—"

"Usinitajie vidole vya baba. Wewe ulikuwa unashona. Mimi ndiye niliyekuwa namlisha kwa kijiko, miaka minane." Alifunga khanga yake upya kiunoni. "Nilimchukia Arhin kabla wewe hujajua kumchukia. Leo nimefurahi, sikufichi. Nilifurahi mpaka nilipoona ni nani wanampiga."

Aliondoka. Ekow alibaki ameketi kwenye kiti cha baba yake, kando ya meza.

Asubuhi ya Jumapili ilikuwa na ukungu mwepesi. Ekow alioga, akajifunga nguo yake ya heshima, akaufunga mkasi wake mkubwa ndani ya kitambaa pamoja na ile karatasi, akauweka kwapani. Alienda njia panda kabla ya watu wengi kufika, akasimama hatua mbili tu kutoka kwa kaa wa saruji.

Arhin aliletwa na wazee wake, miguu mitupu, nguo imeshushwa hadi kiunoni. Kondoo alichinjwa, akpeteshi, pombe yetu kali, ikamwagwa. Akapiga magoti. Paji la uso wake liligusa saruji nyekundu.

"Kaa si wangu. Ni wenu."

Akainua paji, akalirudisha.

"Kaa si wangu. Ni wenu."

Mara ya tatu aliisema haraka, ameanza kuinuka.

"Hiyo ya tatu haikusikika," Ekow alisema.

Arhin alimtazama kutoka chini. Wazee wa pande zote walingoja. Arhin akalirudisha paji lake kwenye saruji, akairudia, neno kwa neno, polepole, na Ekow alimsikiliza mpaka mwisho, kama fundi anayekagua pindo.

Kisha aligeuka. Hakuungana na wenzetu walioanza kuimba. Alivuka barabara, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mzee Baiden, Supi wa Kampuni ya Kwanza. Mlangoni alivua viatu, akashusha nguo begani, akaingia. Alifungua kitambaa juu ya meza ya mzee, akaweka mkasi upande mmoja na karatasi upande mwingine.

"Mzee," alisema, "mpwa wangu hakujua lolote. Niliagizwa kitambaa, sikuagizwa kaa. Kaa nilimtia mimi."

Mzee Baiden aliutazama mkasi.

"Jana ulikuwa na mdomo," alisema. "Mbona hukusema jana?"

"Jana," Ekow alisema, "alikuwa hajapiga magoti."